Maneno Mawili Niliyoyaongeza

Mwezi uliopita tulimzika Tabitha. Jioni yake, wageni wengi walipokwisha kuondoka, tuliobaki tulikaa kwenye mikeka sebuleni kwake, pale Hasamba, tukinywa chai ya rangi iliyozidi tangawizi. Wifi yake mmoja aliyetoka Mkwajuni alitoa simu, akaipekuapekua, kisha akaipitisha mkono kwa mkono. "Mwangalieni," alisema, "mwangalieni alivyokuwa." Kwenye kioo kidogo chenye ufa alionekana msichana wa miaka ishirini na mbili akishuka mtoni na mtungi kichwani, amejifunga shuka jeupe lisilo na doa, jua limempiga begani. Wanawake walianza kulia upya. Mmoja alisema hajapata kuona mtu mzuri kiasi kile. Simu iliponifikia niliitazama kwa heshima ya msiba, nikampa aliyefuata, nikagundua kwamba miaka yote hii imepita na bado siwezi kuiangalia picha ile bila kutamani kutoka nje. Si hasira. Hasira ziliniisha zamani. Ni uchovu tu, ule wa mtu aliyebishana na kitu kikubwa kuliko yeye mpaka mwili umezoea kushindwa.

Mwaka ninaoukumbuka nauhesabu kwa kahawa, si kwa kalenda. Ulianza kahawa za msimu mmoja zilipokuwa zinaiva, ukaisha za msimu uliofuata zilipokuwa kwenye vichanja zikianikwa. Nilikuwa nimemaliza kidato cha sita na matokeo yangu hayakunipeleka popote. Nilishinda nyumbani nikisoma magazeti ya zamani yaliyofungiwa sabuni. Ndipo akaja Kelvin, kijana wa Dar es Salaam mwenye miwani na viatu visivyofaa kwa matope yetu, akapewa chumba cha wageni nyumbani kwa mchungaji. Alisema kuna filamu kubwa inatengenezwa, ya zamani, ya vita ya Wajerumani, wakati wanaume wa huku walipokamatwa kubeba mizigo ya jeshi hadi wakafia njiani. Alitaka wazee waliosikia habari hizo kwa wazazi wao, na alitaka mtu wa kumtafsiria Kinyiha. Mchungaji alinitaja mimi. Kuhusu wazee, kila aliyeulizwa alitoa jibu moja: nendeni kwa Bibi Yunesi.

Bibi Yunesi alikuwa bibi yake Tabitha, na Tabitha alikuwa rafiki yangu tangu tukiwa watoto wa kuchunga mbuzi pamoja. Jiko la Bibi nalijua kuliko chumba chochote nilichopata kulala. Lilikuwa la tofali mbichi, limejaa moshi uliofanya dari kuwa nyeusi na kung'aa kama imepakwa mafuta. Kulikuwa na magunzi ya mahindi pembeni, chungu cha maharage kisichotoka motoni tangu asubuhi, na kiti kimoja tu, ambacho siku ile alipewa Kelvin. Mimi nilikaa kwenye kinu kilicholazwa. Bibi alikaa chini, miguu ameinyoosha, anachambua mboga za maboga. Tulikwenda pale siku nne mfululizo, na kila siku Kelvin alikula alichopewa bila kuchagua, jambo lililomfanya Bibi ampende.

Habari yenyewe ilikuwa hivi. Afisa wa Kijerumani alipiga hema karibu na kijito na askari wake. Wanaume walikamatwa, pamoja na mume wa mama yake Bibi, wakafungwa kamba na kupelekwa kubeba mizigo. Hakurudi hata mmoja kati ya wale wa kwanza; Bibi mwenyewe alizaliwa baadaye, kwa mume mwingine. Wanawake walificha ulezi kwenye shimo, wakalifunika kwa udongo na samadi. Mama yake Bibi, aliyekuwa ameolewa karibuni na bado mdogo, alichukuliwa kwa nguvu kwenda kumpikia afisa. Kila jioni alikwangua ukoko wa sufuria, akauficha kwenye pindo la nguo, na alipokwenda kuteka maji aliupeleka porini walikojificha watoto. Kuna watoto waliokua kwa ukoko ule, na wajukuu wao tunasalimiana nao mpaka leo. Mwishowe ulezi ulipatikana. Hakuna aliyewataja wenzake. Ni kuku. Kuku walikwenda kuparura pale shimoni, askari mmoja akajiuliza kwa nini kuku wamejazana mahali pamoja, akachimba. Kijiji kikachomwa.

Lakini kabla Bibi hajafika kwenye ukoko, Kelvin aliuliza, "Na mama yako, Bibi, alikuwa nani kwa yule afisa?" Nikatafsiri. Bibi alijibu kwa neno ambalo kwetu husemwa kwa mwanamke anayeshika jiko la mtu. Anaweza kuwa mke, anaweza kuwa mtumishi, anaweza kuwa hata mama mzazi. Lugha yetu haiulizi zaidi, kwa kuwa waliopo wanajua. Nikasema, "Alikaa kwake." Kelvin aliinua macho, na kalamu yake, iliyokuwa haijapumzika tangu asubuhi, ikasimama. "Alikaa kwake vipi, dada Roida?" Swali lile sikumrudishia Bibi. Hilo ndilo kosa langu na silifuniki. Ningeweza kuuliza, Bibi alikuwa hatua moja kutoka kwangu. Ila nilikuwa sijawahi kuona mtu msomi akiyasubiri maneno ya kinywani mwangu namna ile, na nilitaka aendelee kuyasubiri. "Kama mke," nilisema. Akaandika, akapiga mstari chini yake. Bibi alisukuma kuni ndani ya mafiga, akanitazama kidogo, kisha akaendelea na habari ya ukoko.

Miezi miwili baadaye walikuja wote. Sijui niseme nini kwa mtu ambaye hakuona. Walikuja na malori na jenereta na mahema ya chakula, wakajenga kijiji kizima cha nyasi na mianzi kwenye malisho, kizuri kuliko kijiji chetu. Wazee walizunguka ndani yake wakigonga nguzo na kusema ni aibu kitachomwa wakati kuna watu wanalala kwenye nyumba zinazovuja. Walileta farasi, ambao wengi wetu hatukuwahi kuwaona, na walileta mashine ya kunyeshesha mvua katikati ya kiangazi. Kulikuwa na hema la nguo tupu, kaniki na shuka na sare za askari, zimetundikwa kwa mistari kama kahawa shambani, na mwanamke mmoja aliyekuwa na kazi ya kuzipaka vumbi asubuhi na kuzifua jioni. Tulikula wali na kuku kila siku ya Mungu. Mwongozaji, mtu mrefu asiyependa kusema, alipomwona Tabitha akimletea Bibi kiti, alimwangalia kwa muda mrefu, akasema neno moja kwa msaidizi wake. Hivyo ndivyo Tabitha alivyopewa kumwigiza mama wa bibi yake mwenyewe. Bibi alifurahi. Alimfundisha namna ya kujitwisha mtungi na namna ya kukaa jikoni, na Tabitha alijifunza kwa bidii kwa sababu aliamini anamtendea Bibi jambo jema.

Nilianza kupata wasiwasi siku nilipomwona akipelekwa hemani kwa mzungu aliyeigiza afisa, amepakwa mafuta mpaka anang'aa, shuka limeshushwa mabegani. Nilimfuata Kelvin alipokuwa anakula. "Mbona anaingia amevaa hivi? Mama yule alikuwa anakwenda kupika." Kelvin hakuwa mtu mbaya. Aliweka kijiko chini. "Dada Roida, hii ni sinema. Watu hawawezi kukaa saa mbili wanamtazama mtu anakwangua ukoko. Na kwani si wewe uliyesema alikuwa kama mke?" Karibu nasi walipita vijana wa Hasamba waliolipwa kuwa wapagazi, masanduku makubwa kichwani, wakitaniana. Masanduku yalikuwa matupu. Walikuwa wanayarusha na kuyadaka kwa mkono mmoja.

Walipoondoka walikiacha kijiji chao kikiwa majivu, na sisi tukabaki na ukimya ambao hatukuwa nao kabla. Msimu wa mvua ule watu walizungumzia filamu kuliko walivyozungumzia mahindi. Nilisikia mama zetu kisimani wakipanga nani atatambulika na nani hataonekana hata kisigino. Tabitha alichumbiwa na kijana wa Mbebe, kule Ileje, na wakwe zake walijisifu kwamba wanaoa mcheza sinema. Chumbani kwake alikuwa amebandika ukutani picha aliyopigwa akiwa na nguo za filamu, na juu ya kitanda chake tulilala chali tukila parachichi kwa chumvi, yeye akipanga maisha, mimi nikiitikia. Mara kadhaa nilitaka kumwambia. Kila mara nilijiambia kwamba huenda wamekata sehemu ile.

Hawakuikata. Filamu ilipotoka, kwanza tulisikia kwenye redio wakigombana. Msomi mmoja alisema imetukana mashujaa wetu, mwingine akasema sanaa haifungwi kamba, wasikilizaji wakapiga simu kutoka mikoa ambayo haijui Hasamba iko wapi. Walitaja uzuri wa picha, walitaja gharama, walitaja haki ya msanii. Hakuna aliyekuja kumuuliza Bibi Yunesi chochote. Kisha tukaambiwa italetwa Tunduma, ionyeshwe ukumbini Jumamosi saa nane mchana. Tulikwenda kwa Fuso, kijiji kizima kimevaa nguo za kanisani, Bibi amekaa mbele na dereva. Tulipita foleni ya malori yanayosubiri kuvuka mpaka, madereva wamelala chini ya mahema ya mizigo, na Bibi alimuuliza dereva wale wote wanasubiri kuona nini.

Ukumbi ulijaa. Wafanyabiashara wa Nakonde, upande wa Zambia, nao walivuka kuja kuona, wamekaa nyuma yetu wakila dagaa wakavu kutoka kwenye mfuko. Taa zilizimwa, muziki mkubwa wa vinanda ukaanza, na milima yetu ikatokea, mizuri mpaka niliona haya kwamba nimeishi ndani yake bila kuitazama. Tabitha akatokea. Watu walipiga vigelegele. "Huyu si Tabitha?" aliuliza Bibi. "Ndiye, Bibi. Ndiye mama yako." Bibi alitazama. "Mbona ameoga?" alisema kwa sauti, na safu mbili zikacheka. Nusu saa baadaye hakuna aliyekuwa anacheka. Mama yake Bibi alimpenda afisa. Walioga mtoni pamoja, alimfundisha maneno ya Kijerumani, na wapagazi waliokuwa wanakufa walipita nyuma yao kama mapambo, migongo safi, masanduku matupu yakicheza vichwani. Halafu, amelala kifuani mwa mzungu, alimnong'oneza mahali ulipofichwa ulezi. Kuku hawakuwepo. Ukoko haukuwepo. Kijiji kikawaka kwa dakika nyingi mno, kwa rangi nzuri mno. "Awe!" alisema mwanamke mmoja wa Nakonde nyuma yetu, kwa mshangao wa Kibemba. "Kumbe aliwauza wote." Nilimtazama Bibi. Alikuwa ameshika fimbo yake kwa mikono miwili na hakuondoka mpaka jina la mwisho lilipopita, kwa sababu alilelewa kwamba mtu hatoki ibadani kabla ya baraka.

Nje, jua lilikuwa kali na hakuna aliyejua aanzie wapi. Wanawake walinunua ndizi za kuchoma ili mikono ipate kazi. Tabitha alisimama peke yake kando ya Fuso, amejifunika khanga mpaka puani. Nilisikia wanaume wawili wa kijiji chetu wakizungumza nyuma ya gari, kwa sauti ya chini ambayo ni mbaya kuliko kelele. "Kumbe ndiyo maana ukoo ule una mashamba yote ya bondeni." "Sasa tumejua." Bibi alipandishwa mbele. Dereva aliniambia baadaye kwamba njia nzima alimwomba jambo moja tu, asiwashe redio.

Nimeona mengi tangu hapo ambayo watu huyaita msiba, lakini wiki zile zilinichosha kuliko yote. Watu ambao babu zao walikula ukoko wa yule mama waliacha kupita kwa Bibi kusalimia. Ukisema filamu ni ya kutunga, unajibiwa, "Mbona wao wasomi walikuja kuuliza hapahapa?" Ukisema kuku, wanacheka. Habari ya kuku iliwezaje kushindana na farasi? Wazee kadhaa waliojua ukweli waliusema mara mbili tatu, kisha wakachoka, na mmoja wao alikiri kwangu kwamba sasa akiifikiria vita ile anaona picha za ukumbini, haoni tena alichosimuliwa na baba yake. Wakwe wa Mbebe walituma mtu. Hawakusema wamevunja. Walisema wanaomba muda. Muda ule haukuisha, na Tabitha aliibandua picha ukutani akaiweka ndani ya Biblia, akawa anakwenda shambani alfajiri na kurudi watu wakiwa wamekwisha kuingia ndani.

Nilikwenda kwa Bibi mchana mmoja Tabitha akiwa hayupo. Alikuwa anachagua maharage kwenye ungo, nikakaa tukachagua pamoja, mabovu huku, mazima kule. Nilisema kwa Kinyiha, nimeinamisha uso, kwamba mimi ndiye niliyemwambia Kelvin kuwa mama yake alikuwa kama mke, na kwamba yeye hakusema hivyo. Mikono yake haikusimama. "Nilisikia," alisema. Alisema kwa Kiswahili. Kiswahili kilichonyooka, cha mtu aliyekizungumza maisha yake yote. Nilimkodolea macho; jikoni kwake sikuwahi kumsikia akisema ila Kinyiha. "Nimeuza ulezi Tunduma miaka kumi na minane," alisema, "nilikuwa nauza kwa ishara? Nilitaka tu kusema habari za mama kwa lugha ya mama."

"Sasa mbona hukunisahihisha, Bibi?"

"Ulikuwa unafurahi," alisema. "Mtoto amemaliza shule, amekaa nyumbani mwaka mzima kama gunia. Nikasema, ni maneno mawili tu, ya nini kumwaibisha mbele ya mgeni? Nikajua nikifika kwenye ukoko mgeni atayasahau." Akapuliza makapi. "Kumbe ukoko ndio uliosahaulika." Nilianza kulia na aliniacha nilie. Kisha alisema jambo ambalo limenikaa kuliko matusi yoyote: "Tumekosa wawili, mjukuu wangu. Wewe kwa kusema, mimi kwa kunyamaza. Ila mimi sina nguvu tena ya kuzunguka nyumba kwa nyumba."

Kahawa zilikuwa kwenye vichanja alipofariki, usingizini, bila kuumwa kwa muda mrefu. Walikuja watu wengi kuliko nilivyotarajia. Sisi watu wa huku tunaweza kukunyima salamu mwaka mzima, lakini hatuwezi kukunyima mazishi. Nilikaa kwenye nyasi na wanawake, Tabitha mbele yangu na ndugu zake, kichwa kimenyolewa. Mchungaji alisimama kusoma wasifu wa marehemu. Alisoma ubatizo, alisoma ndoa, watoto, kwaya. Kisha akasema, bila ubaya wowote, kama anampa heshima, kwamba Bibi Yunesi alikuwa mtoto wa yule mama ambaye mapenzi yake na afisa wa Kijerumani yamejulikana dunia nzima kwa njia ya filamu.

Sikumbuki kuamua. Nakumbuka magoti yangu yalikuwa yananyooka. "Mchungaji, naomba samahani," nilisema, na sauti yangu ilitoka nyembamba sana. Watu waligeuka. Mtu mmoja alinivuta khanga niketi. "Mama yake Bibi hakuwa mpenzi wa mtu. Alikuwa mpishi, alichukuliwa kwa nguvu. Watoto wa hapa aliwalisha ukoko. Ulezi ulifukuliwa na kuku. Aliyesema kama mke ni mimi, nilipokuwa natafsiri. Bibi hakusema. Niliongeza mimi, ili nisikilizwe." Nilitaka kuendelea lakini yalikuwa yamekwisha. Nilisikia maharage ya msibani yakichemka kwenye mapipa. Mchungaji alinitazama juu ya miwani. "Umemaliza, dada?" "Nimemaliza." "Basi kaa." Alichukua kalamu mfukoni, akakata mstari kwenye karatasi yake, akaandika kitu juu, akasoma upya: "Alikuwa mtoto wa mama aliyelazimishwa kumpikia afisa wa Kijerumani, akawalisha watoto wa kijiji hiki." Akaendelea na watoto na wajukuu.

Sitasema kwamba kijiji kilibadilika. Wengine walisema nimelipwa na ukoo, wengine walisema msibani si mahali pa kujitangaza, na mpaka leo ukiwauliza vijana watakusimulia filamu. Lakini siku ile, baada ya udongo, nilikaa peke yangu nyuma ya banda la kuku la jirani, kwa sababu sikujua ni nani atakayekubali kukaa nami. Tabitha alikuja na sahani, ugali na maharage, akaiweka kwenye nyasi mbele yangu. Macho yake yalikuwa yamevimba. Alisimama pale, nami nikamngojea aseme kuhusu Mbebe, kuhusu mwaka mzima nilioutazama uso wake nikiwa najua.

"Ungeniambia mimi kwanza," alisema.

"Niliogopa."

"Najua uliogopa. Na mimi nilivaa lile shuka, hakuna aliyenishika mkono kunivisha." Aliketi, taratibu, kama mtu mzee. Upande wa pili wa uzio wanawake walikuwa wametugeukia, wanatutazama bila kujificha. Tabitha alimega tonge kwenye ugali wangu, akalichovya, akala. "Kula," alisema, "usiniache nile mwenyewe mbele ya watu." Nikala.